Namba Iliyozishinda Ghala za Mfalme

Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inakuletea namba moja tu. Iandike pembeni mwa karatasi, uwe unaitupia jicho kila tunapoendelea: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu ishirini. Atakayetaka kuisoma kwa sauti atasema kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita na kumi na tano. Watoto wa nyumbani wakiweza kuisoma mara tatu bila kukwama, wapewe haki yao.

Namba hii haikuokotwa njiani. Imezaliwa na ubao wa sataranji, ule wenye mistari minane ya miraba minane minane, yaani miraba 64. Weka punje moja ya ngano katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, nane katika wa nne, na uendelee kurudufu hivyo hivyo mpaka mraba wa mwisho. Ukizikusanya punje zote za ubao mzima, idadi yake ndiyo hiyo uliyoiandika. (Hukumu ya kuucheza mchezo wenyewe tunawaachia masheikh. Sisi leo tunauazima ubao tu.)

Kisa chake kimesimuliwa kwa namna nyingi, lakini simulizi ninayoipenda zaidi ni ya Ibn Khallikan, mzaliwa wa Irbil aliyekuwa kadhi mkuu wa Dameski na akafariki huko mwaka 681 wa Hijria, sawa na 1282. Kitabu chake cha Wafayat al-A'yan ni kamusi kubwa ya maisha ya watu mashuhuri. Alipofika kwa Abu Bakr as-Suli, mwanafasihi wa zama za Bani Abbas aliyesifika kwa sataranji, alikuta watu wakidhani kwamba as-Suli ndiye aliyeubuni mchezo huo. Akawasahihisha: mbunifu, kwa mapokeo aliyoyapata, ni mtu wa Bara Hindi aitwaye Sissa bin Dahir, aliyembunia mfalme Shihram. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe atakalo. Sissa akaomba ngano kwa hesabu ya ubao. Mfalme akaliona ombi hilo kuwa dogo mno, akakasirika kwa kudharauliwa ukarimu wake. Baadaye waandishi wa diwani wakaja kumwarifu kwamba ngano ya kulipia haipo katika milki yake yote wala haikaribii kuwapo. Hapo mfalme akakiri kwamba ombi la Sissa linastaajabisha kuliko hata mchezo wenyewe.

Kama kisa hicho kilitokea kweli au ni cha kubuni, si kitu kikubwa. Kikubwa ni alichokifanya Ibn Khallikan baada ya kukisimulia. Anasema kwamba yeye mwenyewe hakuamini. Moyo wake ulikataa kwamba punje moja ikirudufiwa mara chache hivyo inaweza kufika mbali kiasi hicho. Akabaki na shaka yake mpaka alipokutana na mmoja wa wahasibu wa Iskandaria, naye akamwonyesha kwa njia ambayo mwalimu yeyote wa leo angefaa kuiiga.

Mhasibu yule hakumtupia namba ya tarakimu ishirini. Alirudufu kwa punje mpaka mraba wa 16, akapata punje 32,768, akasema: hiki ni kipimo kimoja cha kadaha. Kuanzia hapo akaacha kuhesabu punje, akahesabu kadaha. Mraba wa 20 ukatoa kadaha 16, ambazo ni waiba moja. Waiba sita ni irdabu moja, basi akaendelea kwa irdabu mpaka mraba wa 40, akapata irdabu 174,762 na ziada, akasema: tuseme hii ni ghala moja. Kisha akarudufu ghala. Mraba wa 50 ukawa na ghala 1,024, akauita mji mmoja. Akarudufu miji, na mraba wa 64 ukamkabidhi miji 16,384, kila mmoja ukiwa na ghala 1,024 zilizojaa. Akamtanabahisha kwamba dunia haina miji mingi kuliko hiyo.

Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu, na inakaa sawasawa. Kutoka mraba wa 40 mpaka wa 50 ni kurudufu mara kumi, nako ni kuzidisha kwa 1,024. Kutoka wa 50 mpaka wa 64 ni mara kumi na nne, nako ni kuzidisha kwa 16,384. Zingatia pia kwamba miji yote hiyo ni ya mraba wa mwisho peke yake. Iliyobaki sitini na mitatu bado haijahesabiwa.

Sisi watu wa pwani tuna ngazi yetu ya namna hiyo, nayo bibi zetu waliijua bila daftari: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Tuutumie basi huo upimaji wetu. Punje 25 hivi za ngano huwa na uzito wa gramu moja. Mstari wa kwanza wa ubao, miraba minane, una punje 255, kiasi cha gramu kumi tu, haba isiyoshibisha kifaranga. Ukimaliza mstari wa pili una punje 65,535, karibu kilo mbili na nusu na kidogo, ambayo ni kama pishi moja ile ya zakatul-fitri. Mpaka hapa robo ya ubao imekwisha na mfalme ametoa pishi moja. Ana haki ya kucheka.

Kila mstari mpya huikuza jumla mara 256. Mstari wa tatu unaifikisha kwenye magunia saba ya kilo mia mia, pungufu kidogo. Mstari wa nne, tani 172, shehena ya malori sita ya tani thelathini. Nusu ya ubao imekwisha, na mfanyabiashara mmoja wa nafaka angeweza kulipa asifilisike. Mstari wa tano ni tani 44,000, meli nzima. Mstari wa sita ni tani milioni 11. Mstari wa saba ni tani bilioni 2.9, wakati ngano yote inayovunwa duniani kwa mwaka katika zama zetu hizi hukaribia tani milioni 800. Mstari wa nane ni tani bilioni 738, mavuno ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka mia tisa bila mtu kula hata mkate mmoja. Mfalme hakuwa mpumbavu. Aliipima nusu ya pili ya ubao kwa macho yaliyozoea nusu ya kwanza.

Sasa utauliza: je, ni lazima mtu arudufu mara sitini na tatu na kujumlisha miraba yote ndipo aipate namba hii? Swali hilo ni la kale. Katika mwaka 341 wa Hijria, al-Uqlidisi aliandika mjini Dameski kitabu cha hesabu kwa tarakimu za Kihindi, na humo anataja kwamba watu wamezoea kuulizana habari za kurudufu, wengine mara thelathini, wengine mara sitini na nne. Takriban nusu karne baadaye, yapata mwaka 390 wa Hijria, al-Biruni wa Khwarazm aliingiza hesabu ya ubao huu katika kitabu chake cha tarehe na kalenda za mataifa, na akaifupisha kwa kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza: chukua mraba wowote, zidisha idadi yake kwa yenyewe, utapata idadi ya mraba ulio mbali naye kwa umbali ule ule alio nao yeye na mraba wa kwanza. Mraba wa 5 una punje 16. Kutoka wa kwanza mpaka wa 5 ni hatua nne, nawe ukienda hatua nne zaidi unafika wa 9. Na kweli, 16 mara 16 ni 256, na mraba wa 9 una punje 256. Kwa njia hiyo kuzidisha mara chache kunatosha: 16 inazaa 256, hiyo inazaa 65,536, hiyo inazaa 4,294,967,296 ya mraba wa 33, na hiyo ikizidishwa kwa yenyewe inakupeleka kwenye mraba wa 65, ambao ubaoni haupo.

Kwa nini tuufuate mraba usiokuwapo? Ndipo inapoingia kanuni ya pili: idadi ya mraba wowote, ukiondoa moja, ni jumla ya miraba yote iliyoutangulia. Ijaribu. Mraba wa 4 una nane. Iliyotangulia ina moja, mbili na nne, jumla saba. Mraba wa 5 una kumi na sita, iliyotangulia ina kumi na tano. Haikosei hata mara moja. Kwa hiyo mraba wa 65, ukiondoa punje moja, ndio jumla ya ubao mzima.

Nataka tukae kidogo kwenye kanuni hii ya pili, maana ina kazi mitaani kwetu leo kuliko watu wanavyodhani. Inasema kwamba katika kurudufu, hatua ya mwisho peke yake huzizidi hatua zote za nyuma zikiunganishwa, ingawa ni kwa moja tu.

Upatu wa kina mama tunaoujua, wanawake kumi wakichanga kila mwezi na kila mmoja akapokea kwa zamu yake, hauna neno hapa. Kinachoingia ndicho kinachotoka, na zamu kumi zikiisha kila mtu amepata chake. Ninaousema ni ule mwingine unaojivika jina la upatu au la biashara: toa kiingilio, kisha lete watu wawili, nao walete wawili wawili, na fedha zao ndizo zitakazokulipa. Uchore kwa mistari, utaona ubao wa Sissa umesimama wima. Juu yuko mmoja, chini yake wawili, kisha wanne, wanane. Walio katika ngazi ya chini kabisa hawana mtu chini yao, kwa hiyo hawajalipwa kitu. Ni wangapi? Al-Biruni amekwisha kutujibu: ni wengi kuliko wote walio juu yao wakijumlishwa. Usimamishe mchezo leo au baada ya mwezi, kwenye ngazi ya sita au ya ishirini, zaidi ya nusu ya waliotoa fedha wamo katika ngazi ya chini. Hapo sijataja wizi wala hila. Mwendeshaji na awe mwaminifu wa kuaminiwa amana ya yatima, hesabu haitabadilika. Na ukiambiwa ulete watatu badala ya wawili, usidhani nafuu imekuja: waliokosa wanakuwa zaidi ya theluthi mbili.

Atajibu mtu kwamba mchezo hautasimama, watu wapo tele. Tuseme ngazi moja inajaa kila juma. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Katika juma la 23 mchezo utahitaji watu 8,388,607, wazee na watoto wachanga wa mkoa mzima hawafiki. Tanzania nzima katika sensa hiyo ilikuwa na watu 61,741,120. Juma la 26 linadai 67,108,863. Juma la 33 linadai bilioni 8.6, na dunia ilitimiza bilioni nane mwaka huo huo wa 2022. Hazijatimia hata miezi minane, na ubaoni tumepita nusu kwa mraba mmoja tu.

Tuirudie namba yetu yenyewe, tuipasue tuone ndani yake mna nini. Ni namba witiri, kwa hiyo haigawanyiki kwa mbili. Jumlisha tarakimu zake zote utapata 87, ambayo inagawanyika kwa tatu lakini si kwa tisa, na hivyo ndivyo ilivyo namba nzima. Mtu mwenye kupenda elimu ya mirathi atapata burudani hapa. Katika mafungu sita ya faradhi, yaani nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, ngano ya Sissa inakubali mawili tu bila kuvunja punje. Theluthi yake ni 6,148,914,691,236,517,205 kamili, na theluthi mbili ni mara mbili ya hiyo. Mjane mwenye haki ya thumni atalazimika kuvumilia punje saba zinazobaki.

Kuipasua mpaka kwenye namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kuna njia nyepesi. Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ukaondoa moja, jibu ni sawa na kuzidisha jirani yake wa chini kwa jirani yake wa juu. Kumi mara kumi toa moja ni 99, nayo ni 9 mara 11. Basi namba yetu ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ndogo nayo ni 65,535 mara 65,537. Hiyo 65,535 ni 255 mara 257, na 255 ni 15 mara 17, na 15 ni 3 mara 5. Tumepata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, na tukabaki na jirani mmoja mkubwa, 4,294,967,297.

Huyu ana historia yake. Mfaransa Pierre de Fermat, wa karne ya 17, aliona kwamba namba za ukoo huu zilizotangulia ni tasa, akaamini kwamba zote zinazofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, akaonyesha kwamba hii ya sita inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Mwanafunzi wa darasa la sita mwenye kalamu na subira anaweza kuizidisha akathibitisha katika dakika tano, na ni vizuri ajue kwamba dakika zake tano zinavunja dhana ya bingwa wa Ulaya. Kwa hiyo namba yetu ina namba tasa saba ndani yake, kila moja mara moja: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kwa kuziunganisha hizo saba kwa kila namna, inapata vigawo 128, na hiyo 128 yenyewe ni idadi ya punje za mraba wa 8.

Watu wengi wanaosoma ukurasa huu wamebeba ubao wa Sissa mfukoni bila kujua. Simu na kompyuta za siku hizi hushika namba katika nafasi 64, kila nafasi ikiwa imewashwa au imezimwa, na kila nafasi ina thamani ya mraba mmoja wa ubao. Zote 64 zikiwashwa, namba iliyoandikwa ni hii hii yetu. Mashine za zamani zilizokuwa na nafasi 32 zina ajali inayozingoja. Nyingi zilihesabu saa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, nafasi moja ikitumika kuonyesha chanya au hasi, na zilizobaki 31 zikijaa zinafika 2,147,483,647. Sekunde hiyo itapita tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine ambayo haijarekebishwa itarudi nyuma mpaka mwaka 1901. Kwa nafasi 64, moja ikiwa bado imetengwa hivyo hivyo, sekunde hazitajaa kabla ya miaka zaidi ya bilioni 290.

Simu inaweza kufanya hivyo kwa sababu ya sifa moja ya ubao ambayo watoto wanaweza kuicheza leo jioni kwa maharage badala ya ngano. Taja namba yoyote nzima kuanzia moja mpaka hiyo yetu ya tarakimu ishirini. Utaweza kuipata kwa kuchagua miraba kamili, bila kuchukua mmoja mara mbili, na njia ya kuchagua ni moja tu. Mia moja ni 64 na 32 na 4, miraba ya 7, 6 na 3, na hakuna namna nyingine. Anza na mraba mkubwa kabisa usiozidi namba uliyotajiwa, utoe, kisha ufanye vivyo hivyo kwa baki. Wapeni mwaka 341, ule wa kitabu cha al-Uqlidisi, waseme ni miraba ipi. Watapata ya 9, ya 7, ya 5, ya 3 na ya 1, mmoja ukichukuliwa na mmoja ukirukwa.